Wekundu wa Vumbi: Mistari ya Sodiamu na Makadirio ya Nuru Inayopotea Baina ya Nyota

Nuru ya nyota haitufikii kama ilivyotoka. Baina ya nyota na sisi pana gesi nyembamba mno na vumbi laini. Vitu hivi ni haba sana, lakini masafa ni marefu kiasi kwamba hata uchache huo ukijumlishwa njia nzima huwa mwingi. Vumbi huipunguza nuru, na haliipunguzi kwa usawa: nuru ya buluu hupotea zaidi, nyekundu hupotea kidogo. Kwa hiyo nyota iliyo nyuma ya vumbi huonekana hafifu kuliko ilivyo, na pia nyekundu kuliko ilivyo.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja wanayoitumia wanafalaki kukadiria hasara hiyo, yaani kupima mistari miwili ya sodiamu katika spektra ya nyota, na kuonyesha ni wapi njia hiyo yafaa kuaminiwa na ni wapi inapotosha. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, tutasimama hapa na pale kuyapima maneno yenyewe. Katika jambo hili neno lililochaguliwa ovyo haliishii kuwa doa la mtindo tu, bali humfanya msomaji akosee hesabu.

Hasara na vipimo vyake

Wanafalaki huupima mwangaza wa nyota kwa madaraja. Tofauti ya madaraja 5 ni tofauti ya mara 100 ya nuru, na daraja kubwa ni la nyota hafifu. Mpango huu umerithiwa kutoka kwa Wayunani wa kale, na kila anayeujia mara ya kwanza huuona umesimama kichwa chini miguu juu. Nyota hupimwa kupitia vichujio viwili. Kimoja hupitisha nuru ya buluu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 440 hivi. Kingine hupitisha nuru ya kijani inayoelekea manjano, nanomita 550 hivi. Tofauti baina ya madaraja hayo mawili ndiyo inayoitwa rangi ya nyota. Kwa nyota ambayo aina yake inatambulika, rangi yake ya asili hujulikana pia. Basi tukiitoa rangi ya asili katika rangi iliyopimwa, kinachosalia ni ziada ya rangi, nayo huandikwa kwa alama E(B−V).

Ziada ya rangi ikishajulikana, hukadiriwa kiasi cha nuru yote iliyopotea. Katika sehemu nyingi za galaksi yetu hasara inayopimwa katika kichujio cha pili ni ziada ya rangi mara 3.1. Tuseme nyota fulani ina ziada ya rangi ya 0.2, tarakimu ambayo kwa macho ya mgeni ni ndogo. Hasara yake ni daraja 0.62, na maana yake ni kwamba inayotufikia ni kama 56 kwa mia tu ya nuru ambayo ingetufikia pasingekuwapo vumbi. Mtu asiyelihesabu vumbi hilo, akiutumia mwangaza kukisia masafa, ataiweka nyota mbali kuliko iliko kwa theluthi nzima.

Kosa la namna hii liliwahi kuupotosha mchoro mzima wa galaksi yetu. Mwaka 1930 Robert Trumpler, wa kituo cha Lick huko California, alivikisia masafa vishada vya nyota kwa kuutumia mwangaza wake, kisha akatafuta ukubwa halisi wa kila kishada. Hesabu ilimpa jibu la ajabu: kadiri vishada vilivyokuwa mbali nasi, ndivyo vilivyoonekana kuwa vikubwa zaidi, kana kwamba vilipangwa makusudi kuizunguka Dunia. Trumpler hakulikubali jibu hilo. Alitoa hoja kwamba nuru ilikuwa ikipotea njiani, na kwa hiyo masafa yalikuwa yametiwa chumvi.

Hapa ndipo tunaposimama kwa mara ya kwanza. Istilahi ya Kiingereza ya hasara hii ni ileile itumiwayo kwa kuzima moto au kwa mnyama aliyetoweka duniani, na mfasiri mwenye haraka atasema nuru imezimika. Lakini nuru haikuzimika, imefifia. Kiswahili kina neno kufifia, ambalo laeleza kupungua kusikofikia mwisho, nalo ndilo tutakalolitumia.

Neno wekundu ni gumu zaidi. Vumbi haliiongezei nyota nuru nyekundu hata chembe. Linachofanya ni kuiondoa buluu, na wekundu tunaouona ni masalio. Ni jambo la jamaa moja na jua la machweo, ambalo huwa jekundu kwa sababu hewa imeitawanya buluu yake kabla haijatufikia. Pamoja na hayo kuna wekundu wa pili katika elimu ya falaki usiohusiana na huu hata kidogo: kitu kinachotuondokea kwa kasi, mistari yote ya spektra yake huhama kuelekea upande mwekundu. Katika wekundu wa kwanza mistari hukaa pale pale ila uwiano wa rangi hubadilika. Katika wa pili ni mahali pa mistari panapobadilika. Mambo haya mawili hutokea katika spektra moja, hata katika sentensi moja ya ripoti, na tukiyaita yote wekundu tutakuwa tumempa msomaji chungu kimoja chenye vyakula viwili. Tunapendekeza wekundu wa vumbi kwa la kwanza, na mhamo mwekundu kwa la pili. Ingewezekana kuunda kitenzi ekunduka kwa kufuata mfano wa refu na refuka, na sarufi haina kipingamizi. Lakini sikio bado halijakizoea, na jina linalomtaja mtendaji, yaani vumbi, lina faida ya kutuzuia tusisahau sababu.

Mistari pacha

Ziada ya rangi hupatikana kwa wepesi pale tu rangi ya asili inapojulikana. Aghalabu haijulikani. Nyota inayolipuka, yaani supanova, hubadilika rangi siku hadi siku, na milipuko miwili ya jamii moja si lazima ifanane. Mwanafalaki basi hutafuta shahidi mwingine ndani ya nuru hiyo hiyo.

Shahidi huyo alikuwa amekwisha kuonekana zamani. Mnamo 1814 Joseph von Fraunhofer, akiichunguza spektra ya jua, aliiona mistari mingi myeusi na akaipa herufi. Katika sehemu ya manjano aliweka herufi D. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff alieleza kwamba mistari ya D hutokana na sodiamu, maana atomi hufyonza nuru ya urefu uleule wa wimbi ambao huutoa inapochomwa. Yeyote aliyewahi kumwaga chumvi ya mezani katika moto akaona ulimi wa manjano ameiona nuru hiyo. Ndiyo pia iliyokuwa katika taa za manjano zilizomulika barabara za miji mingi. Herufi D kwa hakika ni mistari miwili iliyokaribiana mno, mmoja kwenye angstromu 5890 na mwingine kwenye 5896 (angstromu 10 ni nanomita moja). Tutaiita mistari pacha.

Lakini mstari mweusi katika spektra ya nyota waweza kuwa wa nyota yenyewe. Ilijulikanaje kwamba baadhi ni ya njiani? Mwaka 1904 Johannes Hartmann aliichunguza Delta Orionis, mojawapo ya nyota tatu za mkanda wa Orioni, ambayo hapa kwetu Kenya hupita karibu na utosi. Nyota hiyo ina mwenzake inayezungukana naye, kwa hiyo mistari yake huyumba huku na huku kadiri nyota inavyotujia na kutuondokea. Hartmann aliona mstari mmoja wa kalsiamu usioyumba na wenzake. Mstari huo haungeweza kuwa mali ya nyota. Ulikuwa wa gesi iliyo mahali fulani baina yake nasi. Mwaka 1919 Mary Lea Heger, naye wa Lick, akatangaza kuwa mistari ya sodiamu ina tabia hiyo hiyo.

Sasa yafaa kuuliza: sodiamu ni gesi, nao wekundu ni kazi ya vumbi, imekuwaje kimoja kitoe habari za kingine? Jibu ni kwamba vitu hivi viwili husafiri pamoja. Vumbi ni kama sehemu moja katika mia ya uzito wa mata iliyo baina ya nyota, na limechanganyika na gesi kwa kiwango ambacho katika galaksi yetu hakibadiliki sana. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1978 na Bohlin, Savage na Drake vilionyesha kwamba ziada ya rangi ya 1 huandamana na atomi za hidrojeni bilioni bilioni 5,800 hivi kwa kila sentimita mraba ya njia ya nuru. Sodiamu ni kama atomi 2 tu kwa kila milioni ya hidrojeni, lakini mistari yake ina nguvu na iko katika sehemu ya spektra ambayo kila darubini huipima kwa urahisi. Kwa ufupi sodiamu ni jirani wa vumbi, na tunamwuliza jirani habari za mwenye nyumba.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima anayeijua methali hii anajua pia kwamba yapo mawingu yapitayo bila kumwaga tone. Sodiamu ni dalili ya namna hiyo. Atomi yake humpoteza elektroni mmoja kwa nishati ndogo ya elektrovolti 5.14, hata nuru ya urujuanimno ya nyota za kawaida yatosha kumng'oa, na atomi iliyompoteza haitoi tena mistari pacha. Sodiamu nyingi baina ya nyota imo katika hali hiyo. Tunayoiona ni ile iliyosalia katika mawingu mazito kiasi, na kiasi chake hutegemea msongamano wa wingu na nyota zilizo jirani, si wingi wa vumbi pekee.

Upana, kukolea na mikeka

Kipimo kinachotumika huitwa upana linganifu. Mstari mweusi una umbo kama bonde: kina katikati, kingo zinazopanda pande zote. Wanafalaki hulipima eneo la bonde hilo, kisha huuliza: kama nuru ingalikatwa kabisa, kwa kuta zilizosimama wima, mtaro wenye eneo hilo hilo ungekuwa na upana gani? Upana huo huandikwa kwa angstromu. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwanafunzi mmoja wa falaki tuliyekuwa tukila naye meza moja alinichorea bonde hilo na mtaro wake juu ya karatasi ya kufutia mikono, nami sijapata kuona maelezo yaliyo bora kuliko mchoro ule.

Wingu likiwa jembamba, mambo ni mepesi: atomi zikiongezeka maradufu, upana nao huongezeka maradufu. Katika hali hiyo mstari wa 5890 huwa na upana mara mbili ya ule wa 5896, kwa kuwa kwa maumbile una uwezo maradufu wa kufyonza. Tatizo huanza bonde linapofika chini kabisa, pale ambapo katikati ya mstari hakuna nuru iliyosalia ya kufyonzwa. Atomi zinazoongezwa baada ya hapo hazina la kufanya ila kumega kingo kidogo kidogo. Kiswahili kina neno la hali hii, nalo ni kukolea, kama asemavyo mtia rangi juu ya kitambaa: kikishakolea, kukirudisha katika sufuria hakukizidishii rangi. Mstari uliokolea haupimi tena wingi wa atomi. Pacha wenyewe hututolea habari hiyo, maana uwiano wao hushuka kutoka 2 na kukaribia 1. Ni bahati ya pekee kwamba kipimo hiki kimebeba ndani yake onyo la udhaifu wake, na ni jambo la kusikitisha kwamba onyo hilo mara nyingi halisomwi, kwa sababu spektra nyingi hupigwa kwa vyombo visivyoweza kuwatenganisha pacha hao.

Pana tatizo la pili. Njia ya nuru haina wingu moja. Ina mawingu kadha, na kila moja lina mwendo wake, na mwendo huo huuhamisha kidogo mstari wake. Fikiria mikeka katika ukumbi. Mikeka kumi ikitandikwa mmoja juu ya mwingine, sakafu iliyofunikwa ni ya mkeka mmoja tu. Ikitandikwa kando kwa kando, hufunika ukumbi. Mikeka ni kumi vilevile. Mawingu yaendayo kwa mwendo mmoja hutoa mstari mmoja mwembamba uliokolea. Mawingu yaliyo na mwendo mbalimbali hutoa mistari mingi ambayo chombo dhaifu huijumlisha na kuiona kuwa mmoja mpana. Upana linganifu basi waweza kutuambia zaidi habari za mwendo wa mawingu kuliko wingi wake.

Kanuni zinazogombana

Si ajabu, kwa hiyo, kwamba kanuni zilizotungwa hazikubaliani. Mwaka 1990 Barbon na wenzake walitoa kanuni iliyo nyepesi kabisa: ziada ya rangi ni upana wa pacha wote wawili mara 0.25. Mwaka 2003 Turatto, Benetti na Cappellaro walikuta kwamba supanova zao zinajigawa katika njia mbili, moja ya 0.16 na nyingine ya 0.51. Mwaka 2012 Poznanski, Prochaska na Bloom, wakitumia nuru ya kwasa na galaksi za mbali inayopita katika vumbi la galaksi yetu, waliandika kwamba logi ya ziada ya rangi ni upana mara 1.17, ukitoa 1.85.

Tuchukue upana wa angstromu 1 tuupeleke kwa kila mmoja wao. Majibu ni 0.25, 0.16 au 0.51, na 0.21. Tofauti baina ya 0.16 na 0.51 ikigeuzwa kuwa masafa ni kwamba mwenye kanuni moja ataiweka supanova mbali mara 1.65 kuliko mwenye kanuni nyingine, nao wote wawili wameutazama mstari mmoja. Kanuni ya 2012 ina ubora wa kukiri kwa umbo lake kwamba uhusiano si wa mstari ulionyooka; lakini umbo hilo hilo lina hatari, kwani kosa la angstromu 0.2 katika upana huizidisha ziada ya rangi kwa mara 1.7. Poznanski mwenyewe na wenzake walikuwa wamekwisha kutangaza mwaka 2011, baada ya kuchunguza spektra za supanova za aina ya Ia zilizopigwa kwa vyombo vya uwezo mdogo, kwamba katika spektra za namna hiyo sodiamu ni kiwakilishi kibaya cha vumbi. Hawakuweza kusema wazi zaidi ya hapo.

Munari na Zwitter, waliofanya kazi yao mwaka 1997 kwa nyota za moto za galaksi yetu na kwa vyombo vyenye uwezo wa kutenganisha, walipata matokeo mazuri zaidi, na pia waliweka mpaka: pale ambapo wingu ni moja, mstari wa sodiamu ni kipimo kizuri hadi ziada ya rangi ya 0.4 hivi. Kupita hapo umekolea.

Supanova mbili

Tarehe 21 Januari 2014 Steve Fossey na wanafunzi wake, wakiwa katika kituo cha chuo kikuu jijini London, waliona nyota mpya katika galaksi ya M82, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi. Ilikuwa supanova ya aina ya Ia, nayo ilipewa jina SN 2014J. Mistari yake ya sodiamu ilikuwa mipana, imekolea, na ina sehemu nyingi za mwendo mbalimbali. Kwa maneno yetu, ukumbi ulikuwa umetandikwa mikeka na mikeka ilikuwa imerundikwa pia. Hakuna kanuni ya upana ambayo ingaliweza kusema kitu cha kutegemewa. Wekundu wake ulipimwa kwa njia nyingine, kwa kulinganisha rangi zake kuanzia urujuanimno hadi upande wa nyekundu na rangi za supanova zisizo na vumbi, na ziada ikawa 1.2 au zaidi kidogo.

Hata hapo kazi haikwisha. Ile tarakimu ya 3.1 haikufaa kwa vumbi la M82 katika njia hiyo. Iliyofaa ilikuwa karibu 1.4. Tukichukua ziada ya 1.2, tarakimu ya kwanza inatoa hasara ya madaraja 3.7 na ya pili 1.7, na tofauti hiyo ni ya mara 6 ya nuru. Mtu aliyeanza na sodiamu, akapita kwenye ziada ya rangi, akaishia kwenye hasara, amevuka madaraja mawili ya mti, na kila moja laweza kuvunjika peke yake.

Mfano wa pili ni SN 2006X. Patat na wenzake walitangaza mwaka 2007 kwamba sehemu fulani za mistari yake ya sodiamu zilikuwa zikibadilika kwa muda wa wiki kadha. Mawingu ya baina ya nyota hayabadiliki kwa haraka kama hiyo. Wakahitimisha kwamba gesi ile ilikuwa karibu na nyota yenyewe. Mwaka 2013 Phillips na wenzake wakaeleza kwamba robo ya supanova za Ia walizozichunguza zilikuwa na sodiamu nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na vumbi lake, na kwamba kwa supanova moja moja kosa la makadirio ya sodiamu yapasa kuhesabiwa kuwa kama 68 kwa mia. Mawingu yasiyo na mvua, basi, yapo, tena si machache.

Hapa mgawanyo wetu wa maneno unaonyesha faida yake. Supanova ikiwa katika galaksi inayotuondokea kwa kilomita 3,000 kwa sekunde, mistari pacha ya galaksi hiyo huhamishwa karibu angstromu 59, ilhali mistari pacha ya galaksi yetu hubaki mahali pake. Spektra moja huwa na jozi mbili za pacha zilizotengana waziwazi. Ni mhamo mwekundu unaotuwezesha kuugawa wekundu wa vumbi katika mafungu mawili, la kwetu na la kwao. Sentensi hiyo, kama tungalikuwa na neno wekundu peke yake, isingaliweza kuandikwa.

Matumizi

Njia hii haijatupwa, wala haistahili kutupwa. Pale mistari ya sodiamu inapokosekana kabisa katika spektra nzuri, mwanafalaki ana haki ya kusema kwamba vumbi ni kidogo, na huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko kuwepo kwake. Pale uwiano wa pacha unapokuwa karibu na 2, upana waweza kugeuzwa kuwa ziada ya rangi kwa tahadhari ya kawaida. Uwiano ukikaribia 1, kinachoandikwa hakipaswi kuwa kadirio. Kiandikwe kuwa wingi wa sodiamu si chini ya kiasi fulani, na habari za vumbi zitafutwe kwingine. Phillips na wenzake waliona kwamba kanda pana ya ufyonzaji iliyo kwenye angstromu 5780, moja ya kanda nyingi ambazo asili yake bado haijatambuliwa, hulifuata vumbi kwa uaminifu zaidi. Munari na Zwitter nao walielekeza kwenye mstari wa potasiamu ulio kwenye 7699: potasiamu ni haba kuliko sodiamu, mstari wake ni dhaifu, na kwa sababu ya udhaifu huo huchelewa kukolea.